Kwa Nyar Asembo, Aliyekalia Miguu Yangu

Mke wangu Nyar Asembo, wewe ambaye hukuwahi kuniacha nimalize hadithi bila kunirekebisha,

Leo utanisikiliza mpaka mwisho, upende usipende. Barua hii nimeiandika mwenyewe kwa mkono huu huu, sikumwomba mtu. Akoth alitaka nimwambie maneno halafu yeye aandike. Nikamwambia, binti yangu, mimi nilisoma gumbaru, shule ya watu wazima, tena nilikuwa wa kwanza darasani. Wewe hapo ungesema, "Wa kwanza kufika, si wa kwanza kujua." Sawa. Lakini nilifika. Unakumbuka tulivyobanwa kwenye yale madawati ya watoto pale kanisani, magoti yamefika kwenye kidevu, mwalimu mwenyewe ni kijana mdogo anatuogopa? Mistari yangu ilikuwa inapanda juu kama kuku anayetafuta pa kulala. Hata hii inapanda. Akoth ataisoma tu hivyo hivyo.

Ninaandika kwa Kiswahili na si kwa lugha yetu, kwa sababu barua itasomwa Jumamosi mbele ya watu, kwenye maombi ya kukukumbuka, na mkwe wetu wa Kakamega atakuja na ndugu zake. Nataka wote wasikie pamoja. Asije mtu kesho asubuhi tena na lile swali. Swali lenyewe unalijua, maana linakuhusu: "Mzee, umeota?"

Nitalijibu humu ndani. Lakini wangoje. Kwanza nina mazungumzo na mke wangu.

Nitaanza na miguu, kwa sababu wewe ulianza nayo. Siku ya kwanza kuniona pale ufuoni Dunga hukuniangalia usoni. Ulikuja na dada yako kununua samaki, ngege, mimi nafunga mzigo kwenye baiskeli, suruali nimekunja mpaka gotini. Ukamwambia dada yako, na hukupunguza sauti hata kidogo, "Huyu mtu amevaa mapaja ya nani?" Nikakujibu bila kugeuka, "Haya ni mapaja ya Awasi, mama. Kila siku ya soko yanaenda na kurudi." Ukacheka. Watu wa Asembo wanajua kucheka. Mimi siku hiyo nilifika Awasi na sikumbuki kilima hata kimoja, ingawa najua hata wewe utasema barabara ya Kano haina kilima. Upepo upo. Upepo ni kilima pia, muulize mtu aliyebeba samaki.

Hakuna aliyenishinda kwenye ile barabara. Acha waseme. Dunga, Nyamasaria, Rabuor, daraja la Ahero, halafu Awasi, na samaki wakiwa bado wanang'aa macho. Ile miaka ya themanini mbuta walipokuwa wengi ziwani, nilibeba mmoja ambaye mkia wake ulipita keria ya nyuma ya baiskeli ukawa unafagia barabara. Mbwa mmoja alinifuata kutoka Nyamasaria mpaka karibu na Ahero akifikiri utakatika. Wewe ukiwasimulia watu ulikuwa unasema mbwa alinifuata kwa huruma. Haya.

Kitu kimoja ulininyima. Keria. Nilikuomba tangu tulipooana, panda nyuma nikupeleke hata Ahero tu uone watu wanavyonisalimia. Ulikuwa unatazama ile keria yenye magamba, unashika pua. "Mimi si samaki, Baba Akoth." Ukaenda Ahero kwa miguu, ukaenda kwa basi, hata siku ya mvua ile tuliyoenda kumwona mama yako hospitali ulitembea kando ya baiskeli, mimi ninaisukuma kama mjinga. Niliiosha kwa majivu. Niliiosha kwa sabuni yako ya kuogea, ukanigombeza. Nikatandika gunia jipya. Ulisema gunia halidanganyi pua. Mkaidi kuliko mimi, na watu wanasema mimi ndiye mkaidi.

Basi sukari ikaja. Unakumbuka ilivyoanza na kiu? Nilimaliza mtungi wako wote wa maji, ukadhani nina mgeni nimemficha. Ukanipeleka kliniki ya mjini, wakanitoboa kidole, wakasema sukari. Nikabisha. Nikasema mtu anayekanyaga baiskeli mpaka Awasi sukari itampatia wapi? Ukamwambia nesi, "Andika tu, huyu atabisha mpaka kwenye kaburi." Nikaacha sukari siku hiyo hiyo, kwa hasira. Hakuna mgonjwa aliyetii kama mimi. Chai nilikunywa nyeusi, kali, chungu, kikombe baada ya kikombe, nikijisifu kwa watu kwamba mimi ndiye niliyeacha sukari. Hiyo chai utaisikia tena mbele.

Baada ya hapo ndipo miguu ilianza mambo yake. Mchana iko sawa, ninakanyaga, hakuna neno. Nikikaa tu, jua likianza kuzama, kitu kinaingia ndani ya nyama za muundi. Si maumivu. Nilishindwa kukuambia ni nini. Nilisema ni kama omena, wale dagaa wadogo wakiwa hai, wengi, wanaogelea ndani ya mguu wanatafuta pa kutokea. Lazima niutikise. Nikiutikisa wanatulia kidogo, nikiuacha wanarudi. Mtu mwingine angeniambia nimelogwa. Wewe uliuliza, "Omena wa leo wametoka upande gani, Dunga au Usenge?"

Na kanisani! Siku ile mchungaji anahubiri muda mrefu, omena wakaja mchana kweupe, miguu ikaanza kuruka chini ya benchi. Nikajaribu kuishika kwa mikono. Mzee wa kanisa akaona, akainua sauti, "Bwana asifiwe, mzee ameguswa!" Watu wakaanza kupiga makofi, ngoma ikaingia, wakanisukuma mbele. Ukanifuata, ukanishika mkono, ukawaambia wote, "Ameguswa na sukari. Tupisheni apate hewa." Tulitoka nje tukatembea kuzunguka kanisa kama watu wanaotafuta mbuzi aliyepotea, wewe umefunika mdomo kwa leso, mabega yanatikisika. Mimi nimekasirika. Leo ningetoa nini ili nikasirike hivyo tena.

Lakini kubwa ni lile la jioni. Hili watu hawalijui, na Akoth, usiliruke. Baada ya chakula ulikuwa unatandika mkeka, unaniambia nilale chali. Unakunja leso yako, unaiweka juu ya miundi yangu, halafu unakaa. Unakalia miguu yangu kabisa, uzito wako wote, mgongo umeegemea ukuta, ungo wa njugu mapajani, unamenya. Omena wanajaribu chini yako, wanashindwa. Mguu ukiruka na wewe unaruka, njugu zinamwagika, unaupiga kofi kama mtoto. Halafu unaniuliza, bila kuniangalia, "Umefika wapi sasa?"

Ninakuambia, "Nyamasaria."

Unamenya. Unamenya. "Na sasa?"

"Ninapita Rabuor. Upepo mkali."

"Pole. Na sasa?"

"Naliona daraja la Ahero."

"Basi geuza, Baba Akoth. Geuza, kesho kuna kazi."

Nami nageuza. Ninarudi taratibu, Rabuor, Nyamasaria, na mara nyingi sikufika nyumbani nikiwa macho. Hukuniruhusu hata siku moja kuvuka Ahero. Niliwahi kukuuliza kwa nini. Ulisema, "Ukifika Awasi utakaa kuongea na watu, unaijua tabia yako." Nilikuwa nalala kama mtoto, mimi mwanamume mzima, kwa sababu mwanamke wa Asembo amenikalia.

Halafu ile homa ilikuja ikakuchukua upesi. Sitaiandika. Ulikuwepo.

Niandike kuhusu matanga, kwa sababu hapo hukuwepo, au ulikuwepo hukuweza kucheka. Mume anatakiwa akae kando ya jeneza, atulie, watu waje wampe mkono. Mimi nilikaa, na omena wakaja. Wote, wa Dunga na wa Usenge. Nikasimama. Nikazunguka nyumba yako. Nikakaa tena, wakaja, nikasimama, nikazunguka. Siku zote za matanga nilizunguka nyumba yako mpaka majani pale ukutani yakafa ikawa njia. Kina mama wakalia wakisema, "Tazameni mapenzi ya huyu mzee, ameshindwa hata kukaa." Niliwasikia. Ilikuwa miguu, Nyar Asembo. Na ilikuwa hayo waliyosema pia. Sikujua kuyatenganisha, na hakukuwa na mtu wa kunikalia.

Sasa nije kwenye lile swali. Ndugu za mkwe wetu huenda hawaijui desturi yetu, nitaieleza. Kwetu, mwanamume akifiwa na mkewe analala katika nyumba ya yule mke, kitanda chake, mpaka amwote. Amwote wakiwa pamoja, mume na mke. Kanisa halipendi sana maneno haya, wanasema ni ya zamani, lakini hata wazee wa kanisa wakifiwa nimeona wanalala wapi. Ukishaota, basi. Marehemu amekuachilia. Uko huru kulala kwingine, kuoa, kusafiri na kukaa. Kabla hujaota, hutoki.

Kaka yangu Okelo akaanza siku ya kwanza baada ya watu kuondoka. Nimetoka nje kunawa uso, yeye yuko kwenye ua, ameshika fimbo.

"Umeota?"

"Hata sijapiga mswaki."

"Nimekuuliza umeota?"

"Bado."

Kesho yake tena. Na kesho yake. Okelo akapita msimu wa mahindi akiniuliza. Watoto wake wakaanza kuniuliza. Mama anayeleta maziwa akawa haniulizi ila ananiangalia machoni, halafu anatikisa kichwa. Kwenye soko la Awasi kwenyewe mtu alinipigia kelele toka ng'ambo ya barabara, "Jaduong', mzee wetu, vipi, bado?" Nikawa mtu maarufu kwa kutoota.

Halafu wakaanza kusema umenikasirikia. Okelo akasema, "Ulimkosea nini huyu mwanamke? Mbona hataki kuja?" Nikamwambia wewe ukinikasirikia huwa hunyamazi, unasema. Akasema basi ni wewe unayenivuta miguu usiku, ndiyo maana inaruka, unataka kitu. Wakataka kuchinja. Nikakataa. Mbuzi wangu hawachinjwi kwa sababu ya uongo. Ukweli nilikuwa naujua peke yangu: ndoto hupita katika usingizi, na mimi sikuwa na usingizi. Nikilala kwenye kitanda chako miguu inakanyaga, inakanyaga, nimefika Ahero, nimefika Awasi, nimepita Awasi naelekea Kericho, hakuna anayeniambia geuza. Kukikucha shuka lako lipo chini na mimi nimekaa kwenye kizingiti na chai.

Chai, ndiyo. Nilikuwa nimeongeza. Birika zima jioni, nikisema inanituliza, na haina sukari kwa hiyo haina kosa.

Okelo hakungoja ndoto. Akanitafutia mwanamke, mjane mmoja anayeuza nguo kuukuu pale Mamboleo kwenye njia panda. Akamleta nyumbani eti amekuja kuuza shuka. Mama wa watu ana heshima zake, na alikuwa na akili. Okelo alipoenda kutafuta kiti, akaniambia, "Mzee, usiogope. Mimi sikutafuti. Kaka yako ndiye anayenitafutia." Tukacheka. Nilinunua shuka. Sijui kama ungependa rangi yake.

Akoth akaja kutoka Manyatta akanikuta nimekaa nimelala, kikombe kimeniangukia mapajani. Akasema, "Baba, kesho kliniki." Nikasema mimi siendi, kliniki nimeenda, sukari ninayo, nimeacha sukari, wanataka nini kingine? Akasema, "Unaenda au nakuja na watoto wote tunahamia hapa?" Una mtoto wewe. Alitoka wapi huyo kama si kwenye mdomo wako.

Daktari alikuwa mtu mzima mwenye miwani. Akaangalia nyayo zangu, akazigusagusa kwa kitu kama unyoya, akauliza, "Mzee, usiku miguu inakaaje?" Hakuna daktari aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikasema inakaa vizuri. Akoth akasema, "Anaendesha baiskeli kitandani."

Daktari hakucheka. Akauliza, "Ukitembea inatulia?"

"Inatulia."

"Ukikaa inarudi? Jioni kuliko asubuhi?"

Nikamtazama. Nikamwambia kuhusu omena. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mtu tangu wewe. Akasema ni ugonjwa unaojulikana, una jina, na watu wenye sukari wengi wanao ila hawausemi kwa sababu wanaona aibu au wanaogopa kuambiwa wamelogwa. Akatoa damu. Tuliporudi akasema damu yangu imepungukiwa madini ya chuma, na hiyo inachochea miguu. Nikacheka mbele yake. Nikasema daktari, mimi nimekalia chuma maisha yangu yote. Akasema, "Na chai unakunywa?" Akoth akamwambia birika. Akaniambia chai kali namna hiyo inazuia mwili kuchukua chuma kwenye chakula, na tena inafukuza usingizi. Niliyekuwa najisifu nimeacha sukari, nilikuwa nalisha omena.

Akanipa vidonge vya madini. Akasema nile mboga za kienyeji na maini, nitembee kidogo kabla ya kulala, chai iishe mchana, na sukari yangu waiangalie upya. Akasema hanihakikishii. Kuna ambao miguu inatulia kabisa, kuna ambao inapungua tu.

Nyar Asembo, vile vidonge nilivileta nyumbani nikaviweka kwenye chungu chako kidogo kile cha chumvi, nikafunika.

Akoth akija ananiuliza, ninasema nakunywa. Chai ikaendelea. Na sasa nitakuambia sababu, na Okelo asikie, na mchungaji asikie. Haikuwa ubishi. Haya, ilikuwa ubishi kidogo. Lakini sababu ni hii: nilijua miguu ikitulia nitalala, na nikilala nitakuota, na nikikuota wote watasema basi, amekuachilia, kwisha. Nyumba hii watanitoa. Kitanda hiki kitaenda kwa Akoth. Kwa hiyo kukuona ilikuwa ndiyo kukuaga. Ni nani anayetaka kumaliza vidonge ili aage? Nikasema heri omena. Angalau wakati wakinisumbua wewe bado una deni la kuja. Nikakaa hivyo msimu mzima, nataka kukuona mpaka kifua kinauma, na ninakunywa chai ili nisikuone.

Kilichonibadilisha ni kitu kidogo. Jioni moja nilitandika ule mkeka. Nikalala chali. Nikaweka leso yako kwenye miundi, juu yake nikaweka gunia la njugu, kama mjinga. Nikataka kujiuliza kwa sauti yako. Nikafungua mdomo: "Umefika wapi sasa?" Ikatoka sauti yangu. Nikajaribu tena, juu zaidi, polepole zaidi, nikijaribu lile neno la mwisho ulivyokuwa unalivuta. Sikuweza. Nikatafuta kichwani jinsi ulivyokuwa unalisema, na sikulipata. Maneno yapo, sauti haipo. Niliogopa, mke wangu. Mimi siogopi vitu, unajua, nimepita na samaki katikati ya maji ya mafuriko pale Ahero. Lakini hapo niliogopa. Nilikuwa nakuhifadhi kwa chai, na wewe unaisha.

Nikafungua chungu. Nikamwaga chai nje, kuku wakaja wakaiangalia.

Haikuwa siku moja. Nilikula vidonge, nilikula ile mboga chungu ya osuga mpaka meno yakabadilika rangi, jioni nilikuwa natembea mpaka ziwani na kurudi, magugu yamefunika maji yote mpaka unadhani ni shamba la mtu. Omena walianza kupungua. Hawakuisha. Lakini usingizi ulikuwa unakuja kunichungulia, unaondoka, unarudi.

Na asubuhi moja, jua limeshatoka, Okelo yuko kwenye ua anakohoa akiningoja, mimi nipo kwenye kitanda chako, ulikuja.

Nilikuwa kwenye barabara, nimepita Nyamasaria. Miguu inakanyaga, lakini haisumbui, inakanyaga kwa sababu mimi nimeiambia. Upepo hakuna. Keria ilikuwa nzito, nikadhani ni mbuta. Halafu nikanusa ile sabuni yako ya kuogea. Nikajua bila kugeuka. Umekaa upande, miguu yote upande mmoja, kama wanawake wa mjini, ungo wa njugu mapajani, mkono mmoja umeshika shati langu mgongoni. Kwenye keria. Wewe. Nilitaka kugeuka nikuambie, nilikuambia nini kuhusu hii keria? Sikugeuka. Nikakanyaga.

Ukasema, "Umefika wapi sasa?"

Ile ile. Kwa ule mvuto wa mwisho, na kicheko kimezuiwa nyuma yake. Nimeipata. Hata sasa ninapoandika ninayo.

Sikukujibu. Maisha yote nilikuwa nakujibu upesi, Nyamasaria, Rabuor, ili unisifu. Siku hiyo nilifunga mdomo, kwa sababu nilijua nikitaja mahali utaniambia geuza, na nikigeuza tunarudi nyumbani, na nyumbani nitaamka. Nikakanyaga. Rabuor ikapita. Ukanipiga kofi mgongoni. "Baba Akoth, si nakuuliza?" Daraja la Ahero likaja. Magurudumu yakaingia juu ya daraja, nikasikia yale maji chini. Hatukuwahi kuvuka. Nikafungua mdomo kusema kitu, si jina la mahali, kitu kingine, na Okelo akagonga mlango.

"Umeota?"

Nikamwambia, "Bado."

Hilo ndilo jibu nililompa siku ile, na ndilo nililompa kila siku tangu hapo. Leo nalibadilisha mbele ya watu. Nimeota. Nimemwota mke wangu Nyar Asembo katika nyumba yake na kitanda chake.

Najua Okelo sasa hivi amesimama. Anauliza tulifanya nini. Okelo, kaa. Tulienda Ahero. Anasema hiyo si ndoto ya mgane, mgane anatakiwa aote mambo ya mume na mke. Basi wewe hujui mambo ya mume na mke. Mwanamke aliyekataa keria miaka yote akipanda keria yako, hakuna ndoto iliyozidi hapo, na mwanamume yeyote hapa aliyeoa kweli anajua.

Kwa hiyo niko huru. Desturi imetimizwa, sitaki mtu aseme nimeivunja. Na kwa kuwa niko huru, nimechagua ninapolala. Ninalala hapa hapa. Kitanda hakiendi Manyatta, Akoth amekubali, na kama hajakubali atakubali akimaliza kusoma. Mama wa Mamboleo salamu zake nyingi, shuka ni imara. Mtakaopita asubuhi kwenye ua wangu, niulizeni habari za sukari, niulizeni kama nimekula vidonge. Lile swali lingine limefungwa.

Nyar Asembo, hukurudi tena. Ninalala vizuri siku nyingi, na hakuna mtu barabarani. Kumbe watu walisema kweli, uliniachilia. Mimi ndiye sijakuachilia, na hakuna desturi inayonilazimisha.

Jioni zingine omena bado wanakuja, wachache. Siwachukii tena. Ninatandika mkeka, ninaweka leso na gunia la njugu, ninaegemea pale ukutani ulipokuwa unaegemea, pana alama ya mgongo wako kwenye udongo, sijaruhusu pakandikwe upya. Halafu ninasema kwa sauti, mtu akipita nje anadhani mzee ameanza kuzeeka: nimefika Nyamasaria. Nimefika Rabuor. Ninaliona daraja.

Hapo ninanyamaza, ninangoja uniambie nigeuze.

Usiposema, ninavuka.

Ni mimi mume wako,
Baba Akoth,
ambaye bado hajageuza.